Usifungue Geti Lote Eti Barua Moja Imekwama Spamu

"Angalia kwenye spamu." Hilo ndilo jibu analopewa mteja wa Kenya kila akipiga simu kuuliza iko wapi stetimenti aliyoomba, risiti ya karo au barua ya kuthibitisha akaunti. Akiikuta huko anaambiwa aitoe, na mazungumzo yanaishia hapo. Asipoikuta anaambiwa ajaribu tena kesho.

Sisi tunaona hilo ni nusu jibu, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari. Barua halali ikizuiwa, kuna kanuni mahali fulani imeizuia, na kanuni hiyo ina sababu na ina mwenyewe. Kumwambia mteja achimbue spamu kila siku ni kumpa kazi ya mtu mwingine. Mbaya zaidi, ni kumzoesha kuingiza mkono kwenye kapu la barua za matapeli na kuamini anachokitoa humo.

Msimamo wetu ni huu. Barua ikizuiwa, mtumaji ndiye wa kwanza kuulizwa: je, amejitambulisha vizuri? Mwenye seva ni wa pili: je, kanuni yake ni pana kupita kiasi? Mteja awe wa mwisho kusumbuliwa. Na popote rekebisho litakapofanyika, mlango ufunguliwe kwa mtumaji mmoja anayejulikana, si geti lote.

Hapa tunaongea pesa, si barua tu

Wengi wetu hapa Eldoret tunaishi kwa SMS. Tangu M-PESA ianze Machi 2007, Wakenya tumezoea ujumbe uingie, salio lionekane, kazi iishe. Barua pepe tunaiona kama kitu cha watu wa ofisi. Lakini hebu fikiria zile siku ambazo pesa zako zinahitaji karatasi. Sacco ikitaka kuona biashara yako imezungusha pesa ngapi kwa miezi sita kabla ya kukupa mkopo, stetimenti inakuja kwa barua pepe. Juni ikifika na unataka kuwasilisha ritani ya KRA kabla ya tarehe 30, rekodi nyingi unazohitaji ziko kwenye barua pepe. Ukisahau paswadi ya akaunti fulani, linki ya kuibadilisha inatumwa huko huko.

Chukua mwenye duka la pembejeo. Mvua ya Machi na Aprili haingoji mtu, na mkulima wa mahindi wa Uasin Gishu anataka mbegu na mbolea wiki hiyo hiyo. Duka likichelewa kupata mkopo wa kuongeza stoki kwa sababu stetimenti imekwama kwenye seva, mkulima anavuka barabara na kununua kwa jirani. Msimu ukipita, umepita.

Au chukua mzazi aliyelipa karo kwa simu Jumapili jioni. Shule ina seva yake ya barua pepe, na mtu aliyeiweka aliandika kanuni ya kukataa barua zenye viambatisho fulani. Orodha ya malipo ya wikendi haimfikii mhasibu wa shule. Jumatatu asubuhi majina ya wasiolipa yanasomwa, na mtoto anarudishwa nyumbani. Mzazi ana SMS, shule haina barua. Hakuna aliyeiba na hakuna aliyekataa kulipa. Kanuni moja tu kwenye kompyuta ndiyo imemtoa mtoto darasani.

Ndiyo maana tunasema hili si suala la mafundi peke yao.

Soja wa getini anaangalia nini

Kichujio cha barua pepe ni kama soja wa getini. Alianza kuhitajika zamani kidogo. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya kompyuta ya DEC huko Marekani alituma tangazo moja kwa watu takriban 400 kwa mpigo, wakati mtandao wenyewe ulikuwa bado mdogo sana. Wengi walikasirika. Tangu hapo kila aliye na seva amelazimika kuweka mtu mlangoni.

Soja wa leo haangalii sura. Anataka vitu vitatu.

Cha kwanza ni orodha. Mwenye kikoa, yaani lile jina linalofuata alama ya @, hutangaza hadharani seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake. Orodha hiyo huitwa SPF. Barua ikitoka kwenye seva isiyo kwenye orodha, soja anainua nyusi.

Cha pili ni mhuri. Seva inayotuma hutia saini ya kidijitali ndani ya barua, na anayepokea anaweza kuhakiki kwamba saini ni ya kikoa hicho na kwamba barua haikubadilishwa njiani. Huo ni DKIM.

Cha tatu ni agizo. Mwenye kikoa husema: ukipata barua yenye jina langu na haijapita ukaguzi, fanya hivi. Anaweza kusema usifanye lolote, iweke pembeni, au ikatae kabisa. Agizo hilo huitwa DMARC, na pia hudai kwamba jina analoliona mteja kwenye "Kutoka" lilingane na jina lililokaguliwa.

Zamani mtumaji aliweza kukosa vyote vitatu na bado barua zikafika. Siku hizi haiwezekani. Kuanzia Februari 2024, Google na Yahoo walianza kudai SPF, DKIM na DMARC kwa yeyote anayetuma barua nyingi, na Google inataja barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda kwa watumiaji wa Gmail. Pia inataka malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, yaani barua 3 kati ya 1,000. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa anwani za Outlook na Hotmail. Kwa hiyo kampuni, sacco au shule ambayo bado inatuma barua bila kitambulisho isishangae soja akiirudisha. Masharti ya geti yamebadilika.

Mbona hata mtu mwema hukataliwa?

Sababu ni chache, na ukizijua utaacha kulaumu "mtandao".

Ya kwanza ni mtumaji kubadilisha gari bila kumwambia soja. Kampuni inaanza kutumia huduma mpya ya kutuma barua za wateja, lakini hakuna aliyeiongeza kwenye orodha ya SPF. Jina ni lile lile, barua ni halali, ila gari halijulikani getini. Wengine nao wanaongeza huduma moja baada ya nyingine bila kuhesabu. SPF ina kikomo cha maulizo 10 kwa kila ukaguzi, na ukikipita orodha nzima inahesabika kuwa mbovu.

Ya pili ni jirani mchafu. Biashara ndogo nyingi hukodi nafasi kwenye seva moja na biashara zingine, kama wapangaji kwenye ploti moja. Mpangaji mmoja akianza kutuma takataka, anwani ya seva nzima inaingia kwenye orodha nyeusi, na wote mnafungiwa nje. Umelipa kodi yako vizuri, lakini jina la ploti limeharibika.

Ya tatu ni kanuni za maneno. Mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe huko Uingereza walishindwa kujiandikisha na kampuni ya AOL kwa sababu kichujio kiliona neno la matusi limejificha ndani ya jina la mji wao. Tunacheka, lakini sisi wa huduma za pesa tuna Scunthorpe yetu kila siku. Barua ya malipo ya kweli lazima iseme "malipo", "thibitisha", "akaunti", "salio", "mkopo". Hayo ndiyo maneno ya tapeli pia, kwa sababu tapeli ameyaiga kutoka kwetu. Ukiandika kanuni inayozuia neno "thibitisha", utamnasa mwizi mmoja na barua kibao za wateja halali.

Ya nne ni faili lililofungwa. Stetimenti nyingi za pesa za simu hutumwa kama PDF yenye paswadi, na hilo ni jema kwa sababu linalinda siri zako. Lakini kichujio hakiwezi kulifungua kikague ndani. Seva zingine zimeambiwa kwamba chochote kisichoweza kukaguliwa kiwekwe karantini. Kwa hiyo ule usalama uliowekwa kwa ajili yako ndio unaokufungia barua. Hapo anahitajika mtu wa kuamua, si mashine.

Ya tano ni kusambaza barua kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Mwalimu ameweka barua za shule zitumwe zenyewe mpaka Gmail yake. Seva ya shule inapozipeleka mbele, Gmail inaona barua yenye jina la sacco lakini imeletwa na gari la shule. SPF inaanguka. Kama barua haikuwa na mhuri wa DKIM, hakuna cha kuitetea.

Ya sita inatuhusu sisi wauzaji na ni ngumu kuisema kwenye blogu ya kampuni: matangazo mengi. Kampuni ikitumia kikoa kimoja kutuma risiti na pia kutuma ofa kila uchao, wateja waliochoka hubonyeza "spamu", na soja anajifunza kwamba jina hilo linasumbua. Risiti zinalipia makosa ya ofa. Msimamo wetu kama watu wa masoko ni kwamba risiti na matangazo visipande gari moja. Risiti itoke kwenye anwani yake. Matangazo yatoke kwingine, kwa aliyekubali tu, na njia ya kujitoa iwe bonyezo moja. Google yenyewe inawadai hilo watumaji wakubwa wa matangazo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 nayo haikubali data ya mtu itumike kibiashara bila idhini yake.

Ikiwa wewe ndiye mwenye seva

Maneno haya ni ya yule kijana wa IT wa shule, hospitali, sacco au kampuni, ambaye mara nyingi ni mmoja tu na ndiye pia anatengeneza printa.

Usianze kwa kuzima kichujio. Tunajua bosi amesimama nyuma yako akisema "zima hicho kitu barua ziingie". Anza na kumbukumbu za seva. Muulize mtumaji saa kamili aliyotuma na anwani aliyotumia, kisha utafute barua hiyo. Jibu la seva lina nambari, na nambari ya kwanza inakuambia karibu kila kitu. Ikianza na 2, barua ilipokewa, kwa hiyo iko ndani: itafute kwenye karantini au spamu. Ikianza na 4, seva ilisema "rudi baadaye", na mtumaji mwema atajaribu tena mwenyewe. Ikianza na 5, ilikataliwa moja kwa moja, na mara nyingi sababu imeandikwa hapo hapo. Kama hakuna alama yoyote ya barua hiyo, basi haikufika kwako, na tatizo liko upande wa mtumaji.

Ukishajua kanuni iliyoizuia, jiulize maswali mawili. Je, kanuni imekosea, au mtumaji ndiye hana kitambulisho? Kama ni mtumaji, mwandikie arekebishe SPF na DKIM yake. Usimfunike. Ukimfunika kwako, bado atakataliwa kwingine, na umebaki na tundu kwenye ukuta wako.

Kama ni kanuni imekosea, irekebishe kwa ufinyu. Ruhusu kikoa hicho kikiwa kimepita DKIM au DMARC, basi. Kuna njia tatu za mkato ambazo tunaziona mara kwa mara na tunazipinga. Moja ni kuruhusu jina linaloonekana, kwa mfano jina la benki au la kampuni ya simu. Jina la kuonekana mtu yeyote anaweza kuliandika. Ya pili ni kuruhusu gmail.com yote eti kwa sababu msambazaji mmoja anatumia Gmail. Ya tatu ni kuruhusu anwani bila kudai ukaguzi, kwa sababu anwani ya "Kutoka" inaweza kuigizwa, na kwa kuiruhusu umemwambia soja asiikague tena.

Na kinyume chake kipo pia. Kuna wasimamizi wanaofungia nchi nzima au kanda nzima kwa sababu waliwahi kupata barua mbaya kutoka huko. Wakenya tunajua uchungu wa kufungiwa hivyo na seva za ng'ambo. Tusifanyiane wenyewe.

Mwisho, kila kanuni iandikiwe tarehe, sababu na jina la aliyeiweka. Kanuni isiyo na mwenyewe ndiyo hubaki miaka ikizuia watu wema huku kila mtu akiogopa kuigusa. Na karantini iangaliwe kila asubuhi, hasa wiki za kufungua shule.

Ikiwa wewe ni mteja

Tumesema wewe uwe wa mwisho kusumbuliwa, lakini kuna mambo machache ambayo ni wewe tu unaweza kuyafanya, na hayachukui dakika kumi.

Hakikisha kwanza anwani uliyompa mtumaji ni sahihi. Herufi moja ikikosewa, stetimenti yako inaenda kwa mtu mwingine, na hapo hakuna kichujio cha kulaumu.

Angalia kama kikasha kimejaa. Gmail ya bure ina GB 15, na nafasi hiyo inagawanywa na picha na faili zako zingine za Google. Kwenye Android, hata nakala ya akiba ya WhatsApp inahesabiwa humo siku hizi. Nafasi ikiisha, barua hazikatai kufika kwa sababu ya spamu. Hazina mahali pa kukaa.

Halafu tafuta spamu, lakini tafuta kitu ulichokiomba. Hii ndiyo kanuni tungependa uishike kuliko zote. Kama umeomba stetimenti saa nne na dakika kumi asubuhi na kuna barua ya saa nne na dakika kumi na mbili, una sababu ya kuiangalia. Kama hukuomba chochote na kuna barua inayosema akaunti yako itafungwa leo, iache ilipo. Usiende spamu kutembea tu. Na usichelewe sana, kwa sababu Gmail hufuta vilivyo kwenye spamu baada ya siku 30.

Ukiipata, bonyeza jina la mtumaji uone anwani yote. Soma mwisho wa anwani, si mwanzo. Kikoa cha jinalakampuni.co.ke si sawa na jinalakampuni-ke.com, hata kama nembo ni ile ile. Taasisi za serikali ya Kenya hutumia vikoa vinavyoishia na .go.ke, ambavyo havitolewi kwa mtu yeyote tu. Lakini .co.ke mtu yeyote anaweza kusajili, kwa hiyo kuona .co.ke peke yake hakutoshi.

Ukiridhika, iambie Gmail kwamba hiyo si spamu, na uhifadhi anwani hiyo kwenye majina yako. Ukitaka kuweka kichujio cha kudumu, tumia Gmail kwenye brauza ya kompyuta, kwa sababu programu ya Gmail ya simu haikuruhusu kuunda kichujio. Andika anwani kamili ya mtumaji. Usiandike neno kama "stetimenti" peke yake, maana utakuwa umemfungulia kila tapeli anayejua Kiswahili.

Ukiwa hapo kwenye mipangilio, angalia vichujio vilivyopo na sehemu ya kusambaza barua. Kama kuna kichujio ambacho hukukiweka, hasa kinachofuta au kuhamisha barua za benki au za pesa za simu, kifute na ubadilishe paswadi mara moja. Wezi wakishaingia kwenye barua pepe ya mtu, mara nyingi huweka kichujio ili mwenyewe asione arifa. Barua "zilizokwama" wakati mwingine hazikukwama. Zimefichwa.

SMS nazo zina mambo yao. Simu nyingi za Android sasa zina folda ya spamu ndani ya programu ya meseji, na kuna wakati ujumbe halali huangukia huko. Kipimo ni kile kile: nani ametuma, na je, nilikuwa namngoja? Ujumbe wa M-PESA huingia kwa jina la MPESA, si kwa nambari ya kawaida ya simu. Safaricom imekuwa ikiwakumbusha wateja kwamba itawapigia kwa 0722 000 000 pekee, na kwamba ujumbe wa ulaghai unaweza kuutuma kwa 333 bila malipo. Hiyo ni hekima ya soja kwa lugha ya wananchi: jua mlango mmoja ambao mwenzako hupitia.

"Lakini sisi ni biashara ndogo"

Tunasikia pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba mambo ya SPF na DKIM ni ya kampuni kubwa za Nairobi, mtu wa duka Langas au Huruma atayatoa wapi? Jibu letu ni kwamba rekodi hizo hazinunuliwi. Anayekuuzia kikoa na nafasi ya seva ana ukurasa wa kuziweka, na ukimwuliza "je, kikoa changu kina SPF, DKIM na DMARC?" anapaswa kukujibu siku hiyo hiyo. Akikosa jibu, umejua una fundi wa aina gani. Na kama unatuma invoisi kwa Gmail ya kawaida, Google tayari inatia mhuri kwa niaba yako. Usijaribu tu kutuma kwa jina la Gmail ukitumia seva nyingine.

Ya pili ni kwamba barua pepe imepitwa na wakati, tuhamie WhatsApp tumalize. Tunaelewa. Lakini sacco bado inataka stetimenti, KRA bado inataka ritani, na WhatsApp nako nembo na jina huigizwa. Ukihama mtaa kwa sababu ya wezi bila kujifunza kuuliza "wewe ni nani?", wezi watahamia nawe.

Kuna na sauti ya tatu, ya wale wanaosema afadhali barua mia za spamu ziingie kuliko moja halali ipotee. Kwa picha za harusi, sawa. Kwa pesa, hapana. Barua halali iliyokwama inaweza kutumwa tena. Pesa zilizotumwa kwa tapeli mara nyingi hazirudi. Na ukitaka kumlinda yule mtoto wa Jumatatu, dawa si kuacha kila kitu kiingie kwenye seva ya shule. Dawa ni shule isimtoe darasani kabla ya kuhakiki nambari ya muamala iliyo kwenye SMS ya mzazi. Hiyo nambari haihitaji barua pepe.

Unachoweza kudai

Safari ijayo ukiambiwa "angalia kwenye spamu", angalia, halafu uliza maswali matatu. Barua ilitumwa kutoka anwani gani hasa? Seva ya upande wangu ilijibu nini? Na kikoa chenu kimepita DMARC? Huhitaji kuwa fundi ili kuyauliza, na swali la mteja husukuma kampuni kuliko semina kumi. Tuulize hata sisi. Anayeshughulikia pesa zako anapaswa kujua majibu hayo kabla hujauliza.

Na yeyote atakayekwambia, kwa barua au kwa simu, kwamba ili barua yako ifunguke umpe PIN, ujue huyo hajaja kurekebisha kichujio. Yeye ndiye kichujio kiliwekwa kwa ajili yake.